Msonobari wa mbegu za kuliwa au mkorosho: upi upandwe Mtwara na Lindi?

Bei ya korosho ikiyumba mnadani, wakulima wa huku kwetu huanza kuulizana kuna mti gani mwingine wa kupanda. Mmoja unaotajwa ni msonobari wa mbegu za kuliwa. Mbegu zake ni ndogo, nyeupe, zimejaa mafuta, na kilo yake inauzwa ghali kuliko kilo ya korosho iliyobanguliwa. Mti wenyewe unasifiwa kwamba haujali ukame. Sifa hizo ni za kweli, nami naupenda sana mti huu. Lakini kama una eka mbili au tatu Tandahimba, Masasi, Ruangwa au Kilwa na unataka mti utakaokulisha, ushauri wangu ni mkorosho. Msonobari upande miche michache tu, tena kama shamba lako liko mwinukoni. Nitaeleza kwa nini, na pale mkorosho unapozidiwa nitasema pia.

Msonobari gani hasa?

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Duniani kuna aina zaidi ya 100 za misonobari, na ni kama 20 tu zenye mbegu kubwa za kutosha mtu kuzila. Ile tunayoijua Tanzania, inayotoa mbao ambazo mafundi wetu huziita paini, ni Pinus patula iliyojaa shamba la Sao Hill kule Mufindi, pamoja na Pinus caribaea, ambayo inavumilia joto la nyanda za chini. Zote mbili ni za mbao. Mbegu zake ni punje ndogo zenye bawa, zinapeperushwa na upepo, wala hakuna anayezitafuna. Kwa hiyo mtu akikuuzia mche wa paini kutoka Mufindi na kukuambia utavuna mbegu za kula, mkatalie.

Misonobari ya kuliwa inayosifiwa kwa ukame ni hasa ya makundi mawili. La kwanza ni pinyoni za Marekani na Meksiko. Pinus edulis inaota Colorado, Utah, Arizona na New Mexico, na ndiyo mti rasmi wa jimbo la New Mexico. Dada yake, Pinus monophylla, yuko Nevada, ana majani ya sindano moja moja pale wenzake wanapokuwa na mbili mbili au zaidi. Pinus cembroides ni wa Meksiko. Kundi la pili ni la mti mmoja, Pinus pinea wa nchi za Mediterania, wenye kichwa kilichotanda kama mwavuli, unaolimwa Italia, Hispania, Ureno, Uturuki na Lebanon. Kuna pia chilgoza, Pinus gerardiana, wa milima ya Afghanistan, Pakistani na kaskazini-magharibi ya India, lakini huo ni mti wa milima mirefu, kuanzia kama mita 1,800 kwenda juu, na kwetu hatuna mahali pa kuuweka.

Afrika kusini ya Sahara haina msonobari hata mmoja wa asili. Misonobari ya asili ya bara hili iko kaskazini kabisa, Moroko, Aljeria, Tunisia na kandokando ya huko. Na katika dunia nzima, msonobari unaovuka ikweta kwa asili ni ule wa Sumatra peke yake. Hilo halimaanishi kwamba misonobari haikui kwetu, maana Sao Hill ipo na inakua. Linamaanisha kwamba kila msonobari unaopandwa hapa ni mgeni, na mgeni lazima umjue alikotoka kabla hujampa chumba.

Ukame si wa aina moja

Neno “unastahimili ukame” ndilo linalowavuta watu, na ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini.

Pinyoni ya Colorado inaishi kwenye miinuko ya kati ya mita 1,500 na 2,400 hivi. Mvua inayopata kwa mwaka ni kama milimita 250 hadi 500, na sehemu ya maji hayo huja kama theluji, inayoyeyuka polepole na kuzama ardhini mizizi ikiwa bado imelala. Usiku wa kipupwe joto hushuka chini ya sifuri. Mchana wa kiangazi ni mkali, lakini hewa ni kavu na usiku hupoa. Kwa lugha nyingine, mti huu umezoea maji machache, ubaridi mwingi na hewa isiyo na unyevu.

Sasa tazama kwetu. Mvua za Mtwara na Lindi huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Kwa miezi hiyo zinashuka kama milimita 800 hadi 1,100, yaani maradufu au zaidi ya zile za pinyoni, tena zinashuka wakati wa joto. Halafu kuanzia Juni hadi Oktoba mbingu hufunga kabisa. Pwani ya Mikindani au Kilwa, hata katika kiangazi hicho, upepo wa baharini huleta unyevu na usiku haupoi kiasi cha kuuambia mti wa baridi kwamba sasa ni wakati wa kulala. Nyanda za Makonde, Newala na Tandahimba, zina upepo wa kupendeza na usiku wa ubaridi kidogo, lakini hazifiki mita 1,000. Mwinuko wa Rondo kule Lindi vilevile. Mwinuko wetu mrefu kabisa haugusi hata chini ya makazi ya pinyoni.

Mti wa ukame wa baridi ukiuleta kwenye masika ya joto, shida yake haitakuwa kiu. Shida itakuwa maji yanayosimama kwenye mizizi Februari, kuvu anayepanda shinani, na kukosa majira ya baridi ya kuupangia mwaka wake.

Na hata huko kwao, uvumilivu wa pinyoni una mpaka. Mwaka 2002 na 2003 ukame ulipokutana na joto lisilo la kawaida kusini-magharibi ya Marekani, pinyoni zilikufa kwa mamilioni. Mti uliokosa maji hushindwa kutoa utomvu wa kutosha kuwasukuma nje mende wadogo wa magome, nao wakaingia na kumaliza kazi. Kuna maeneo ya New Mexico ambako zaidi ya miti 9 kati ya 10 iliyokomaa ilikauka. Ukame wa miaka iliyotangulia, ambao haukuwa na joto kama hilo, haukuwa umeiua kwa kiasi hicho. Anayetaka kuipanda pinyoni Nachingwea, ambako joto ni la kila mwaka, na atafakari hilo kwanza.

Pinus pinea una hoja nzuri zaidi. Unaota karibu na bahari, unapenda mchanga, unavumilia kiangazi cha miezi kadhaa chenye joto la nyuzi 30 na zaidi, na hauhitaji theluji. Ukisoma hayo utadhani umeandikiwa Lindi. Tatizo ni kwamba mvua zake huja wakati wa baridi na kiangazi chake huja wakati wa joto. Kwetu mvua na joto huja pamoja. Ndiyo maana mti huu ulipopelekwa Afrika Kusini na Wazungu zamani, ulishika vizuri eneo la Cape Town, ambako mvua ni za kipupwe kama za Mediterania, na watu wa huko wamekuwa wakiokota mbegu zake kwa vizazi. Tazama pia mbegu za msonobari zinazouzwa duniani zinatoka wapi: China, Urusi, Korea Kaskazini, Pakistani, Afghanistan, Uturuki, Italia, Hispania, Ureno. Zote ni nchi zenye majira ya baridi.

Mkorosho ulikuja na Wareno katika karne ya 16 kutoka Brazili. Nyumbani kwake ni pwani ya kaskazini-mashariki ya nchi ile: mchanga, joto, mvua za miezi michache, kisha kiangazi kirefu. Ni Mtwara ile ile, ng'ambo ya bahari nyingine. Na si kwamba unakivumilia tu kiangazi chetu, unakihitaji. Mvua zikikatika mkorosho hutoa majani mapya, kisha kuanzia Juni huchanua, na mvua ya katikati ya maua huharibu mavuno. Yaani miezi mitano ambayo mahindi hayawezi kusimama shambani ndiyo miezi inayoizaa korosho. Mzizi wake mkuu huzama chini sana, na ile ya pembeni husambaa kupita kivuli cha mti, ndiyo maana mchanga wa Newala usiohifadhi maji hauutishi.

Mikoa hii imeshaona mpango mkubwa ulioanza na mazao kabla ya kuijua ardhi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara vilijengwa kwa ajili hiyo. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walikuwa na matrekta na fedha, lakini walipuuza mvua na udongo. Mkulima mwenye eka tatu hana nafasi ya kufanya kosa kama lile hata mara moja.

Miaka ya kungoja

Pinyoni huanza kuzaa ikiwa na kama miaka 25. Mavuno mazuri huja ikiwa imepita miaka 75. Na hata ikishakomaa haizai kila mwaka: koni, lile tunda gumu lenye magamba linalobeba mbegu, huchukua misimu miwili hadi mitatu tangu zianze kuumbika hadi zikomae, na mwaka wa mavuno mengi hurudi baada ya miaka minne, mitano au zaidi. Pinus pinea huwahi zaidi, lakini nao mtu hangojei mavuno ya maana kabla ya miaka 15 hadi 20, na koni yake hukaa mtini miaka mitatu kabla ya kuiva. Hispania wameanza kuibebesha juu ya shina la msonobari mwingine ili iwahi kuzaa.

Mkorosho wa mbegu ya kawaida huanza kuzaa mwaka wa tatu. Mche uliobebeshwa kwa vikonyo bora vya kituo cha utafiti cha Naliendele unaweza kukuonyesha korosho za kwanza mwaka wa pili au wa tatu, na ukifika miaka saba au minane unakuwa mti wa kutegemewa.

Kuna kijana wa Tandahimba aliyemwendea mjomba wake kuomba sehemu ya shamba la ukoo. Kwa wenyeji wa kule mjomba ndiye mwenye neno katika mambo ya ardhi, hivyo hakuruka ngazi.

“Mjomba, shikamoo.”

“Marahaba, mpwa wangu. Karibu mkeka.”

Akaeleza habari za msonobari, akaonyesha picha kwenye simu. Mzee aliitazama picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, akauliza swali moja tu: “Unazaa lini?” Kijana akasema miaka ishirini na tano. Mzee akamrudishia simu. “Basi huo ukiupanda utakuwa wa mpwa wako wewe. Mimi shamba nakupa. Ila panda kwanza cha kumlisha huyo mpwa mpaka mti ufike.”

Naona mzee alipima sawasawa. Hakuukataa mti. Alitaka mpangilio.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wa mbali hawalijui. Huku mkorosho wenyewe ni mali, mbali na ardhi ulioota. Mtu hununua mikorosho, hurithi mikorosho, huiweka rehani akipata msiba au ada ya shule. Mti wa miaka mitano una thamani ambayo jirani anaitambua. Msonobari wa miaka mitano, hata ukiwa na afya njema, hakuna Newala nzima atakayekukopesha kwa ajili yake.

Kuvuna na kubangua

Hapa msonobari una uzuri wake, na pia una kazi yake.

Koni ya pinyoni huvunwa ikiwa bado imefunga au inapoanza kufunguka. Imejaa utomvu unaonata mikononi, kwenye nguo na kwenye nywele, wala hautoki kwa sabuni ya kawaida. Hutoka kwa mafuta. Washoshone na Wapaiute wa Nevada, ambao wameishi kwa mbegu hizi tangu zamani sana, huangusha koni kwa miti mirefu, huzichoma kwenye moto hadi utomvu uungue na magamba yafunguke, kisha hukung'uta mbegu. Wanazikaanga kwa kuzirusharusha na makaa ndani ya vikapu bapa na kuzipepeta, kama mama zetu wanavyopepeta mpunga kwenye ungo. Ganda la pinyoni ni jembamba, mtu hulipasua kwa meno. La Pinus pinea ni gumu, linahitaji nyundo au mashine, na mbegu yake hutoka ikiwa imefunikwa na unga mweusi unaopaka vidole.

Lakini hakuna sumu. Hilo ni tofauti kubwa na korosho.

Aliyewahi kubangua korosho nyumbani anajua. Unatoboa matundu kwenye kipande cha bati, unaweka mafigani nje, unamwaga korosho. Baada ya dakika chache mafuta ya ganda huanza kuchuruzika na kushika moto, moshi mweusi unaowasha macho unapanda, na lazima usimame upande upepo unakotoka. Ukichelewa zinaungua zote. Ukiwahi kuzitoa, mafuta hayajaisha na yatakuchubua ngozi. Unazimwaga kwenye mchanga ili zizime, unajipaka majivu vidoleni, unapiga kila moja kwa kijiti au jiwe ili ipasuke bila kuvunja ndani, kisha unamenya ngozi ile nyekundu. Wanawake waliofanya kazi hii miaka mingi wana alama vidoleni. Kilo moja ya korosho ghafi itakupa kama robo kilo ya korosho nyeupe.

Hata hivyo mafuta hayo hayo ya ganda yana kazi. Yanailinda korosho ghafi isishambuliwe. Ukiianika vizuri hadi ikauke, itakaa ghalani mwaka mzima bila kuharibika. Mbegu ya msonobari ikishatolewa ganda huchacha haraka kwa sababu mafuta yake ni mengi, na kwa joto la Lindi bila friji haitadumu. Kwa mkulima ambaye anangoja mnada, hilo si jambo dogo.

Kwa lishe, zote mbili ni chakula bora. Korosho ina mafuta chini kidogo ya nusu ya uzito wake na protini chini kidogo ya sehemu moja ya tano. Pinyoni ya Colorado ina mafuta zaidi, kama asilimia 60 hadi 70. Ya Nevada ni ya wanga zaidi, ndiyo maana watu wa huko waliweza kuipika uji na kuutegemea kama chakula cha msimu wa baridi. Pinus pinea ndiyo inayoongoza kwa protini. Na ukinunua mbegu za msonobari dukani ukajikuta mdomo unakuwa mchungu siku mbili tatu baadaye, huenda umepata za Pinus armandii wa China, zinazojulikana kwa kuleta uchungu huo. Huisha wenyewe baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili.

Usisahau bibo. Mkorosho unakupa tunda juu ya mbegu, la kula, la kukamua juisi, na kwa wanaotumia, la pombe ya uraka. Msonobari baada ya mbegu unakupa kuni na mbao. Mbao za pinyoni ni fupi na zimepinda, mti wenyewe mara nyingi hauzidi mita 10.

Soko

Bei ya juu ya mbegu za msonobari inatokana na ugumu wa kuzipata. Nyingi huokotwa kwenye misitu ya asili, kwa mkono, na mavuno huyumba mwaka hadi mwaka. Kule Italia na Hispania mavuno yamepungua zaidi tangu mdudu anayefyonza koni, aliyetoka Amerika ya Kaskazini, aonekane Italia mwaka 1999. Kwa hiyo bei kubwa ni dalili ya mti mgumu, na mkulima wa kwanza kuuleta Mtwara angebeba ugumu wote huo bila ghala, bila mnunuzi wa jirani, bila chama.

Korosho ina mtandao mzima. Kuna AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, kila mahali, juu yake kuna vyama vikuu: MAMCU kwa Masasi na Mtwara, TANECU kwa Tandahimba na Newala, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa ukanda wa pwani. Mfumo wa stakabadhi ghalani umekuwepo kwa korosho tangu msimu wa 2007/08. Minada huanza Oktoba. Nchi iliwahi kuvuna tani 145,000 msimu wa 1973/74, ikashuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, ikapanda tena kupita tani 300,000 msimu wa 2017/18. Zao linaloweza kuanguka hivyo na kuinuka hivyo lina mizizi kwa watu.

Sitaki nikuuzie korosho kana kwamba haina maumivu. Bei hupangwa na wanunuzi wa nje, hasa India na Vietnam. Mwaka 2018 wanunuzi walipotaja bei ndogo wakulima waligoma, serikali ikaingia na kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, na wapo waliongoja malipo yao kwa muda mrefu. Makato kwenye malipo hayajawahi kumfurahisha mkulima. Na kangomba bado ipo: mtu mwenye njaa ya Agosti anauza korosho ambayo haijavunwa, kwa bakuli lililojaa kupita kiasi, kwa bei ya kutupa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inayoshauriwa, eka moja inabeba mikorosho 28 hivi. Kila mmoja ukitoa kilo 10 tu, ni kilo 280. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, ni shilingi 840,000 kabla ya makato na gharama za dawa ya salfa. Katikati ya mistari, miaka ya mwanzo, unapanda mbaazi, njugu, mihogo au ufuta. Eka moja ya msonobari katika muda huo huo itakuwa na kivuli kidogo.

Magonjwa

Hapa mkorosho una kesi. Ubwiri unga, ule unga mweupe unaofunika maua mapya, ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1970 na ulichangia sana anguko lile la miaka ya 1980. Tangu hapo hakuna kuvuna bila kupuliza salfa au dawa ya maji. Kuna blaiti inayochoma majani na matunda machanga, kuna mbu wa mikorosho, na tangu 2012 kumeripotiwa mnyauko fusari, unaoua mti mzima ukiwa umesimama. Lakini kwa kila kimoja kuna mtu wa kumuuliza. Kituo cha utafiti cha Naliendele kiko nje kidogo ya mji wa Mtwara na kimetoa aina za mikorosho zinazozaa zaidi. Msonobari wako ukianza kunyauka Januari, utamwita nani?

Kuna wa tatu na wa nne

Kama kinachokuvuta ni mbegu ya mafuta tofauti na korosho, angalia kwanza karibu.

Mkungu upo mitaani Mikindani na Lindi mjini, umepandwa kwa kivuli, hauogopi chumvi ya bahari. Kokwa ya kungu ina ladha nzuri sana. Tatizo ni kwamba ni ndogo na ganda lake ni gumu mno, watoto hulipasua kwa mawe na kupata kipande chembamba. Kwa nyumba ya pwani inayotaka kivuli ningeupanda mkungu kabla ya msonobari wowote.

Kweme ndiyo inayonisisimua zaidi. Ni mmea wa asili wa Tanzania na Msumbiji, unatambaa juu ya miti mikubwa na kutoa mabuyu mazito yenye mbegu bapa, pana kuliko sarafu yoyote, zenye mafuta mengi yanayoshindana na ya pinyoni. Huzaa ndani ya miaka michache. Ila una mke na mume, huwezi kuutofautisha hadi uchanue, hivyo panda mashina kadhaa. Na usiuache upande mkorosho; utaufunika na kuuchosha. Upe mti wa pori uliobaki mpakani mwa shamba.

Ukiamua kuujaribu msonobari

Sitakuzuia. Mtu anayependa miti hujaribu, na mwinuko wa Newala au Rondo si mahali pabaya pa kujaribia. Chagua Pinus pinea. Pinyoni waachie wenye baridi.

Mbegu za kuagiza nje zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka. Zilizomenywa za dukani hazifai kupanda. Ziloweke usiku mmoja, uziweke kwenye viriba virefu, maana mzizi hushuka haraka. Mchanganyiko uwe wa mchanga mwingi. Kisha tafuta udongo kidogo kutoka chini ya misonobari mikubwa, uuchanganye humo. Mizizi ya msonobari hushirikiana na kuvu maalumu wa ardhini, na misonobari mingi iliyoletwa nchi za tropiki zamani ilidumaa au kufa hadi kuvu huyo alipoletwa. Usipoweka udongo huo, mche utakuwa wa manjano na kubaki urefu wa kidole.

Panda sehemu yenye mteremko, maji yasisimame. Weka barabara ya moto pana kuzunguka miche kila Juni, kabla mioto ya pori haijaanza. Upepo ndio unaobeba chavua, kwa hiyo panda kundi la miti mitano au sita karibu karibu. Na iwe ukingoni mwa shamba, baada ya mikorosho kuwa tayari imeshachukua katikati. Miche ya mikorosho iliyobebeshwa iagize mapema, Septemba au Oktoba, kwa sababu ikifika Desemba mvua zikianza kila mtu huitaka kwa wakati mmoja na bora huwa imekwisha.